Mvua ya Mawe Ikipita: Kutoka "Nani?" Hadi "Tufanye Nini?"



Wapendwa wasomaji, wenzetu wa nchi za baridi hupambana na dhoruba za theluji. Huku kwetu Tabora dhoruba huja na masika: upepo unaoezua mapaa, radi, mafuriko ya mabondeni na mvua ya mawe. Katika somo hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi namna ya kukabiliana na dhoruba hizo katika shamba dogo na bustani, kwa mikono, kwa akili na kwa imani.

Tunaanza na tukio lililotusukuma kuandika. Alasiri moja ya Januari mvua ya mawe ilipita juu ya bustani yetu ya seminari na mashamba ya kigango jirani. Haikuzidi robo saa. Tulipotoka nje tulikuta kabichi zimetobolewa kama chujio, nyanya zimelala chini pamoja na miti yake, na mahindi yaliyokuwa yameanza kutoa mbelewele yamebaki vijiti. Tulisikitika, lakini sisi mafrateri jioni ile tulikula ugali kama kawaida. Kwa jirani zetu mambo ni tofauti: shamba ndilo ghala, ndiyo ada ya shule, ndiyo dawa ya mtoto.

Jumamosi tulikwenda na katekista kuwapa pole. Nyumba ya kwanza tulipokewa kwa machozi, ya pili kwa ukimya. Ya tatu tukasikia neno lililotushtua: "Mbona shamba la yule bibi limepona?" Bibi huyo ni mjane anayeishi peke yake mwishoni mwa kitongoji. Mahindi yake yalikuwa yanachipua upya wakati ya wenzake yamekufa. Kufikia jioni, jina lake lilikuwa midomoni mwa watu wengi.

Sote tunaijua hatari ya neno kama hilo. Katika mikoa yetu ya magharibi, wako wanawake wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Kwa hiyo siku ile kulikuwa na dhoruba mbili: moja iliyokwisha kupita, na nyingine iliyokuwa inajikusanya mioyoni.

1. Dhoruba zetu zinatoka wapi?

Tabora iko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita mvua za Msimu. Miezi mingine ni mikavu.

Wakati wa masika jua la asubuhi huipasha ardhi joto, na hewa yenye unyevu hupanda juu kwa nguvu. Mchana mawingu yanakuwa marefu mno, hadi kufika mahali penye baridi kali. Huko matone ya maji huganda. Upepo unaopanda ndani ya wingu huyabeba, nayo yanaendelea kupata tabaka jipya la barafu. Yakizidi uzito ambao upepo unaweza kuubeba, yanaanguka. Hewa ya baridi inayoshuka pamoja na mvua hugonga ardhi na kusambaa pande zote kwa kasi. Huo ndio upepo unaotangulia mvua na kung'oa mabati.

Tuzingatie jambo moja hapa. Wingu la namna hii mara nyingi huangusha mawe katika ukanda mwembamba tu. Ndiyo maana shamba moja huharibika na la upande wa pili wa barabara likabaki salama. Mpaka wa mvua ya mawe haufuati chuki wala urafiki wa watu, unafuata njia ya wingu.

Nguvu yake tusiidharau. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo viliipiga Mwakata, wilayani Kahama, mkoa jirani wa Shinyanga. Watu wasiopungua 38 walifariki, wengi wakiwa ndani ya nyumba za udongo zilizobomoka juu yao, na mashamba yakaangamia. Mwakata inatufundisha kwamba maandalizi ya dhoruba yanahusu uhai wa watu, si mazao peke yake.

2. Swali la "nani?"

Mtu akipoteza kila kitu, ni rahisi sana kuuliza: "Nani amenifanyia hivi?" Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliandika mwaka 1937 juu ya Waazande. Ghala likiwaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Waazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Swali lao lilikuwa: kwa nini lianguke saa ile ile, juu ya watu wale wale? Hapo wakataja uchawi.

Tusiwacheke, kwa maana swali hilo ni la binadamu wote. Aristotle alilijibu hivi: matukio mawili yenye sababu zake yanaweza kukutana bila mtu yeyote kuyapanga yakutane. Mtu anakwenda sokoni kwa shughuli zake, anakutana na mdeni wake ambaye naye amekwenda kwa shughuli zake. Mchwa wana sababu yao, na watu wana sababu yao ya kukaa kivulini. Vivyo hivyo wingu lina njia yake, na mkulima alikuwa na sababu zake za kupanda pale na wakati ule.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia kwenda mbele zaidi. Mungu ndiye sababu ya kwanza ya vyote, lakini amevipa viumbe vyake uwezo wa kuwa sababu za kweli. Joto hupasha kweli, na barafu huvunja kweli. Anayechunguza sababu hizo hamwondoi Mungu shambani, bali anaiheshimu kazi ya Muumba.

Maandiko Matakatifu yanasema wazi zaidi. Katika kitabu cha Ayubu (sura ya 1), moto kutoka mbinguni unateketeza kondoo, na upepo mkali unaiangusha nyumba juu ya watoto wake. Rafiki zake wanakuja kumfariji, kisha wanageuka kutafuta mwenye kosa. Mwisho wa kitabu Mungu anawakemea. Katika Luka 13:1-5 Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, naye anakataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Katika Yohane 9 wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu; Yesu anawatoa kwenye swali hilo na kuwaelekeza kwenye kazi ya Mungu inayopaswa kutendeka.

Huo ndio mwelekeo wa Kikristo baada ya msiba: kuhama kutoka "nani?" kwenda "tufanye nini?" Na kwa asiyesikia Injili, ipo sheria ya nchi: Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inalifanya tendo la kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa la jinai. Viongozi wa jumuiya tuwakumbushe waamini jambo hili mapema, kabla hasira haijapanda.

3. Kwa nini shamba la bibi lilipona

Turudi kwa yule mjane. Badala ya kubishana juu ya uchawi, katekista alisema: "Twendeni tukaone." Tulikwenda watu kama kumi, akiwemo mama mmoja aliyekuwa wa kwanza kuuliza lile swali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni, ingawa sina viti vya kuwatosha."

Tulimwomba atuambie alipanda lini. Akajibu kwamba hakuwa na mtu wa kumlimia. Alingoja hadi wenzake walipomaliza, akapata kijana wa kumsaidia siku chache baada ya Noeli. Majirani walipanda katikati ya Novemba.

Jibu lilikuwa hapo. Mhindi mchanga, kabla ya kufikisha majani sita hivi, huwa na kiini chake cha kukua chini ya ardhi. Mawe yakichana majani, kiini kinabaki salama na kusukuma majani mapya. Mhindi uliofikia mbelewele umekwisha kukipandisha kiini hicho juu. Ukivunjwa hauna tena pa kuanzia. Sehemu nyingine ya shamba la bibi ilikuwa na viazi vitamu na mihogo. Viazi viko chini ya udongo, na mhogo uliovunjika huchipua tena.

Tulichimbua mmea mmoja wa mahindi, tukaupasua kwa kisu, tukawaonyesha watu kiini kile cheupe. Yule mama alikitazama muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Kumbe ni umaskini wake uliomwokoa." Alichelewa kupanda kwa sababu hakuwa na mtu, na kilichomponya ndicho kilichotaka kumwangamiza.

Hatutaki kudanganya kwamba mambo yote yaliisha siku ile. Wapo ambao hadi leo hawamsalimii. Lakini maneno yalipungua makali, na bibi akawakatia wenzake marando ya viazi wakapande. Tulijifunza kwamba elimu ndogo ya kilimo inaweza kulinda uhai wa mtu. Frateri anayetumwa kijijini akiwa anajua maandiko ya wanafalsafa tu, bila kujua mhindi unakuaje, amepungukiwa kitu.

4. Busara ya wapagazi

Mtakatifu Thomas anafundisha kwamba fadhila ya busara ina sehemu zake. Miongoni mwake ni kumbukumbu ya yaliyopita, utayari wa kufundishwa na wanaojua, kuona ya mbele, na tahadhari. Wazee wetu wa njia ya misafara waliziishi sehemu hizo kabla hatujazisoma darasani.

Njia ile ya zamani ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ikaendelea hadi Ujiji. Miembe mikubwa tunayoiona huku ni kumbukumbu yake. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na nguo kwa miezi mingi, lakini wengi waliifuata kalenda: kiangazi ni cha safari, masika ni ya jembe. Walijua kwamba mito ikifurika na mbuga zikijaa maji, njia hugeuka mtego.

Asiyeifuata kalenda hiyo alilipa. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, tangu Februari 1872. Alilazimika kungoja wapagazi kutoka pwani, akaondoka mwezi Agosti, kiangazi kikiwa kinaelekea ukingoni. Masika yakamkuta kwenye madimbwi ya Bangweulu, katika Zambia ya leo, naye alikuwa mgonjwa tayari. Alifariki mwaka 1873, na wenzake Waafrika, wakiwemo Chuma na Susi, wakaubeba mwili wake hadi pwani wakipitia Tabora. Wakati mwingine mtu huchelewa bila kosa lake, lakini mvua haisikilizi udhuru.

5. Mambo ya kufanya shambani na bustanini

Kabla ya masika. Miezi ya Septemba na Oktoba ni ya kazi hizi:

- Tusikilize utabiri wa msimu na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na zitangazwe pia baada ya Misa. Tuwaulize na wazee maji yalipita wapi katika mafuriko yaliyopita.
- Tukague paa: misumari iliyolegea, kenchi zilizooza, mabati yasiyofungwa vizuri. Nyumba ya tofali mbichi ichimbiwe mfereji wa kupitisha maji mbali na msingi.
- Tulime matuta kwa kukingama mteremko, wala si kuufuata. Kila baada ya hatua chache tufunge mfereji kati ya tuta na tuta kwa udongo, ili maji yatulie na kuzama. Pale maji yanapokuja kwa nguvu tuchimbe makinga maji na kupanda majani imara kama mabingobingo au vetiva.
- Tupande miti ya kukinga upepo upande unakotoka, lakini isiwe karibu na nyumba kiasi cha kuiangukia.
- Tusiweke mayai yote kwenye kapu moja. Tupande mahindi kwa awamu mbili au tatu, na kila familia iwe na kipande cha mihogo na viazi. Anayelima tumbaku kwa pembejeo za mkopo akumbuke kwamba jani lililotobolewa hupoteza bei huku deni likibaki. Asiache kupanda chakula.
- Bustanini, kitalu kifunikwe kwa kichanja cha nyasi au chandarua kuukuu. Nyanya zifungwe kwenye miti imara, na migomba na mipapai yenye matunda iegemezwe kwa nguzo.

Wakati wa dhoruba. Hapa tahadhari ni moja: mtu kwanza, shamba baadaye. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia kwenye nyumba imara na ukae hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mwembe, usibaki katikati ya shamba na jembe begani, usiegemee ua wa waya. Usivuke mto uliofurika hata kama jana uliuvuka kwa miguu. Wanaoishi katika nyumba yenye ukuta wenye nyufa wahamie kwa jirani mapema, na jirani afungue mlango bila kusubiri kuombwa.

Baada ya dhoruba. Haraka nyingi huharibu. Fuateni utaratibu huu:

- Siku ya kwanza: hesabuni watu, hasa wazee na wanaoishi peke yao. Chemsheni maji ya kunywa, kwa kuwa visima vilivyoingiliwa na mafuriko huleta kipindupindu.
- Siku ya pili na ya tatu: fungueni mifereji ili maji yatoke. Mahindi machanga yaliyozama hayavumilii siku nyingi. Inueni mimea iliyolala na kurudishia udongo kwenye mizizi iliyo wazi.
- Msing'oe mahindi yaliyochanwa mapema mno. Ngojeni siku saba hadi kumi, kisha pasueni mmea mmoja mmoja wa mfano. Kiini kikiwa cheupe na kigumu, mmea una uhai. Kikiwa cha kahawia na laini, umekufa.
- Mahali palipokufa, angalieni kalenda. Kama mvua bado ipo, pandeni vinavyowahi: kunde, viazi vitamu, na bustanini mchicha, ambao huliwa baada ya wiki tatu au nne.
- Nafaka na karanga zilizolowa zianikwe mara moja, kwani unyevu huleta sumukuvu, ambayo huua. Kupima ukavu, weka mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado hayajakauka vya kutosha kuhifadhiwa.

6. Sala na jembe

Je, tunapofanya haya yote tumeacha kusali? Hapana. Kanisa limesali juu ya mashamba tangu zamani. Katika karne ya 5, Askofu Mamerto wa Vienne, katika Ufaransa ya leo, alianzisha siku tatu za maandamano na sala kabla ya Kupaa kwa Bwana, baada ya mji wake kupatwa na maafa. Desturi hiyo ikaenea, na hata sasa tunabariki mbegu na mashamba.

Lakini tuangalie sala inatufanya nini. Wanafunzi walimwamsha Yesu katika mashua dhoruba ilipovuma (Marko 4:35-41). Yosefu huko Misri (Mwanzo 41) alipokea kutoka kwa Mungu maana ya ndoto za Farao, kisha akaweka akiba ya nafaka. Na Bwana anatufundisha katika Mathayo 5:45 kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Kwa hiyo aliyepona asijivune kwamba ni mtakatifu, na aliyepigwa asidhaniwe kuwa amelaaniwa. Aliyepona ana wajibu mmoja tu: kumgawia aliyepigwa, kama bibi alivyogawa marando.

Hitimisho

Hatuwezi kuizuia mvua ya mawe. Tunaweza kuchimba mfereji, kupanda kwa awamu, kufunga paa na kufungua mlango. Zaidi ya hayo, tunaweza kuukataa ulimi unaotafuta mchawi. Mahindi yakifa yatapandwa tena Novemba ijayo. Mama mzee akiuawa hapandwi tena.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu ni nani anayeishi peke yake, na ni nani atakayekwenda kumtazama dhoruba ikipiga?
2. Mara ya mwisho tulipopata hasara shambani, tuliuliza "nani?" au "tufanye nini?"
3. Ni kazi gani moja ya maandalizi tutakayoifanya pamoja kabla ya Novemba?

Mungu azibariki mbegu zetu, ailinde mikono inayozipanda, na atupe moyo wa kumlinda jirani.